Ukuta unaishia wapi? Zege, mawe, mikoko au kuhama

Bahari inakula. Kwenye pwani yetu, kuanzia Tanga hadi Dar es Salaam, hilo halina mbishi tena. Ubishi uliobaki ni wa dawa, na kila ninapokaa kwenye mkutano wa kijiji naona watu wamegawanyika mafungu mawili. Wa ukuta wanasema mikoko ni hadithi ya wafadhili: mti unataka miaka, na nyumba inaondoka mwezi huu. Wa mikoko wanasema ukuta ni ulaji wa wakandarasi na hautamaliza misimu mitatu ya upepo wa kusi kabla haujaanza kupasuka. Nimezaliwa kwenye ufukwe huu huu, nimewasikiliza wote, na naona wote wanaruka swali linalotakiwa kutangulia: ufukwe wenu ni wa namna gani?

Palipo na mchanga mweupe panapopigwa na wimbi la wazi, mkoko haushiki hata uupande mara kumi. Palipo na tope la mdomo wa mto, ukuta mzito unadidimia kwa uzito wake wenyewe. Kwa hiyo ulinganisho ufuatao ni wa mahali na mahali. Anayekwambia dawa yake inafaa pwani nzima, mwombe kwanza mtembee naye ufukweni maji yakiwa yamekupwa, msalimiane na wavuvi, halafu ndipo aendelee.

Zege

Sifa kubwa ya ukuta wa zege ni kwamba mstari unasimama pale ulipochorwa, siku ile ile ukuta unapokamilika. Kama nyuma yake kuna kitu kisichohamishika, sioni cha kubishania. Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam, ambayo hadi 2013 iliitwa Ocean Road, ina Ikulu na hospitali ya saratani pembeni yake, na bahari ilikwisha kuanza kuitafuna kingo. Pale pakajengwa ukuta, na mwingine ukajengwa Kigamboni kwenye Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, katika mradi wa Ofisi ya Makamu wa Rais na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, uliogharimu karibu dola milioni 5, zikiwemo kazi za mifereji ya mvua na upandaji wa mikoko. Unguja, ukuta wa Mizingani mbele ya Mji Mkongwe ulijengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mombasa, Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, ilizungushiwa kinga upande wa bahari kwa sababu mawimbi yalikuwa yanauchimba mwamba wenyewe chini ya ngome. Ngome ya miaka 400 hubebi ukaihamishia Kisauni.

Lakini ujue unachonunua. Ukuta unalinda ardhi iliyo nyuma yake. Ufukwe ulio mbele yake hauulindi. Wimbi likipanda ufukwe wenye mteremko linachoka njiani, mchanga unalimeza. Likikuta ukuta uliosimama wima halina pa kuchokea: linarushwa juu, nusu yake linateremka kwa kishindo kwenye mguu wa ukuta na kuchota mchanga. Mwaka wa kwanza watoto wanacheza mpira mbele ya ukuta maji yakipwa. Miaka ikipita, maji yanagusa ukuta hata yasipojaa sana, na unaanza kuona msingi ambao mkandarasi alikwambia hutauona. Ukuta usipokuwa umeshushwa chini ya kina ambacho mchanga huchimbwa, unalala kifudifudi kuelekea baharini.

Adui wa pili yuko upande wa nchi kavu, na huyu watu wengi hawamfikirii. Mvua ya masika ikinyesha, maji yanajikusanya nyuma ya ukuta na kuusukuma. Ndiyo maana ukuta mzuri una matundu ya kutolea maji, na nyuma ya matundu kuna kokoto na kitambaa cha kuchujia. Pasipo kitambaa, kila maji yanapopwa yanatoka na mchanga wa ndani kidogo kidogo, kama sukari kwenye gunia lililotoboka. Siku moja barabara inatumbukia na watu wanasema ni mzigo wa lori. Ukienda kukagua ukuta, usianze na uso wake wa mbele. Panda juu, tembea nyuma yake, tazama kama ardhi imebonyea.

Halafu kuna diko. Ngalawa inahitaji mahali pa kupanda nchi kavu, dagaa wanahitaji mahali pa kuanikwa, na kina mama wanaoshuka kutafuta pweza wanahitaji njia ya kushukia na ndoo. Nimeona ukuta uliojengwa bila ngazi hata moja kwa mwendo mrefu, wavuvi wakaishia kutoboa wenyewe kwa nyundo, na pale walipotoboa ndipo bahari ilipoingilia. Ngazi na mteremko wa kuvutia vyombo viwe kwenye mchoro tangu siku ya kwanza, na wavuvi waonyeshe wenyewe pa kuviweka.

Kisha ncha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ukuta unapogombanisha majirani. Katika mkutano mmoja wa kijijini kwetu mhandisi alitandika mchoro mezani, akaubana pembe kwa chupa za maji ili upepo usiupeperushe. Mama mmoja muuza dagaa akasogea, akautazama kwa muda.

"Mwanangu, huu mstari mwekundu unaishia wapi?"

"Hapa, mama, baada tu ya zahanati."

"Baada tu ya zahanati ni kwangu."

Mkutano ukanyamaza. Yule mama hakuwa amesoma uhandisi, ila alikuwa ameona mahali pengine ukuta ulipoishia. Kwenye ncha, mawimbi yanazunguka na kuchimba ardhi isiyolindwa kwa nguvu kuliko zamani. Pia mchanga uliokuwa ukichotwa kwenye ardhi iliyo sasa nyuma ya ukuta, ukasafiri kwenda kulisha ufukwe wa jirani, haupatikani tena. Jirani anapoteza mara mbili. Basi akinadi ukuta mtu yeyote, kabla ya bei mwulize uliko mwisho wake upande wa kaskazini na upande wa kusini, na nani anaishi hapo. Mwisho mzuri ni kwenye mwamba au mahali penye mikoko iliyokomaa. Mwisho mbaya ni kwenye mchanga mbele ya nyumba ya mtu asiyealikwa mkutanoni.

Mawe

Mawe makubwa yaliyopangwa kwa mteremko ni ndugu wa ukuta, ila mwenye roho nzuri zaidi. Wimbi linaingia kwenye mianya, linagawanyika, linachoka. Jiwe likihama linarudishwa, wakati zege likipasuka linataka mkandarasi tena. Kasoro zake ni mbili. Yanakula nafasi kubwa ya ufukwe kwa sababu ya mteremko, na lazima yawe mazito kweli. Kusi ikikaza, jiwe la kubebwa na watu wawili linarushwa kama kokoto. Tatizo la ncha linabaki pale pale.

Magabioni, yaani vile vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, yanavutia kwa bei na kwa sababu vijana wa kijiji wanaweza kuyafunga wenyewe. Kando ya mto nayakubali. Mbele ya bahari siyapendi: waya na maji ya chumvi havikai pamoja, na kikapu kikikatika unabaki na mawe madogo yanayotembea na waya unaochana nyavu na miguu.

Kuna na zile kuta fupi zinazoingia baharini kama vidole. Hizi zinatega mchanga unaosafiri kando ya pwani. Kaskazini ya Dar es Salaam, kwenye fukwe za Kunduchi, kusi inausukuma mchanga kwenda kaskazini kwa nguvu kuliko kaskazi inavyourudisha, kwa hiyo ukijenga kidole, upande wa kusini unanona na upande wa kaskazini unakonda. Hoteli moja ikijenga, ya pili inalazimika kujenga, na ya tatu. Kunduchi ndiko pia ilikokuwa Hoteli ya Africana, iliyoshindwa na bahari. Na tatizo la Kunduchi halikuanzia baharini tu. Mchanga wa fukwe zile uliletwa na mito midogo kama Tegeta na Mbezi, na mito hiyo ikachimbwa mchanga wa kujengea jiji, lori baada ya lori. Hakuna ukuta unaoponya ufukwe ambao chakula chake kinauzwa njiani. Kama kijiji chenu kina mto na kwenye mto kuna machimbo ya mchanga, kufunga machimbo ndiyo hatua ya kwanza, na ni rahisi kuliko yote niliyoyataja hapa. Nasema rahisi kwa maana ya fedha, kwa sababu najua wenye malori ni akina nani katika kila kijiji.

Mikoko

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa hiyo nitajitahidi kuwa mkali zaidi.

Mikoko inapunguza nguvu ya wimbi kwa mizizi na mashina, na inatega tope, kwa hiyo ardhi yenyewe inapanda taratibu. Vipimo vilivyokusanywa kutoka nchi mbalimbali vinaonyesha kwamba upana wa mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha wimbi kwa asilimia kati ya 13 na 66. Tazama pengo lililopo kati ya namba hizo mbili. Msitu mnene wenye mizizi ya magoti, maji yasiwe marefu, unakupa ile kubwa. Miti michache iliyokatwa matawi kwa kuni inakupa ile ndogo. Na ni wimbi linalopunguzwa. Maji yakipanda yenyewe polepole siku ya bamvua, yaani siku za maji kujaa kupita kawaida, mikoko haiyazuii, yanapita katikati ya mashina na kuingia. Anayeogopa maji ya chumvi yasiingie shamba la mpunga anahitaji tuta au ukuta, kama uliojengwa Kisiwa Panza, Pemba. Anayeogopa mawimbi yasiuvunje ukingo, mikoko inamtosha, ikiwa ardhi yake ni ya mikoko.

Hilo la ardhi ndilo linaloua miradi mingi. Siku ya mazingira watu wanakuja na fulana mpya, wanachomeka miche ya mkoko kwenye sehemu tupu yoyote iliyo karibu na barabara, wanapiga picha. Sehemu ile imekuwa tupu miaka yote kwa sababu mkoko hauishi pale: maji yanakaa muda mrefu mno, au wimbi ni kali, au ni bustani ya majani ya bahari ambayo samaki wanayahitaji. Kila aina ina makazi yake. Mlilana, ambao sehemu nyingine huitwa mpira, unapenda mbele, ukipokea maji kwanza. Mkoko wenyewe na msinzi wanakaa katikati kwenye tope. Mkandaa uko nyuma zaidi, na mchu ni mvumilivu wa chumvi, utaukuta mbele na utaukuta nyuma kabisa. Mzee aliyewahi kukata boriti anajua haya yote bila kufungua kitabu, na kwenye mradi wowote wa mikoko ningemlipa yeye kabla ya kulipa fulana.

Mara nyingi huhitaji hata kupanda. Ukifungua njia ya maji iliyozibwa na barabara au tuta la chumvi, na ukazuia shoka, mbegu zinakuja zenyewe. Tunda la mkoko linaota likiwa bado juu ya mti, linaning'inia kama sime ndogo ya kijani, likidondoka maji yakiwa yamekupwa linajichomeka lenyewe kwenye tope.

Mfano ninaoupenda ni wa Gazi na Makongeni, kaunti ya Kwale, Kenya. Tangu 2013 wanavijiji wanalinda hekta 117 za mikoko na kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko hiyo inaihifadhi, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na mapato yanakwenda kwenye maji ya bomba na shule. Halafu kuna kaa, kamba na samaki wachanga wanaokulia kwenye mizizi. Ukuta wa zege utalinda nyumba yako, lakini hautakupa kitoweo.

Bei ya mikoko ni ndogo kwa fedha na kubwa kwa muda. Miche inataka miaka kadhaa kabla haijavunja wimbi lolote la maana, na katika miaka hiyo inataka ulinzi dhidi ya mbuzi, nyavu zinazokokotwa na watu wanaotaka fito. Kama ukingo uko hatua tano kutoka nyumbani kwako, mikoko haitakuwahi.

Kuhama

Neno hili halipendwi, na mimi mwenyewe sikulipenda mpaka nilipohesabu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Nyumba nyingi zinazolia ukuta leo ziko ndani ya mita hizo. Baadhi ni za zamani kuliko sheria, na wakati zinajengwa bahari ilikuwa mbali; hao wana haki ya kusaidiwa. Nyingine zimejengwa majuzi, na fedha ya umma haipaswi kuwajengea ukuta.

Kuhama kunashinda pale nyumba ni chache, ardhi ya nyuma ipo, na ufukwe wenyewe ndio riziki ya kijiji. Ufukwe ukiachiwa nafasi unarudi nyuma pamoja na bahari na unabaki ufukwe. Kunashindwa pale watu wanaambiwa wahame lakini hawaonyeshwi wapi, au wanapelekwa mbali na diko hivi kwamba mvuvi analipa nauli ya bodaboda kwenda kwenye ngalawa yake alfajiri. Na kuna makaburi. Usimwambie mtu ahame bila kuzungumza kwanza juu ya waliolala pale, na mazungumzo hayo yaanze na wazee na msikiti, si na fomu ya halmashauri.

Wanaosema bahari itarudi yenyewe kama zamani, nawaonyesha Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Kilikuwa na mivinje na kasa walipanda kutaga. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, linasema bahari duniani ilipanda kwa wastani wa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kwamba kuanzia 2006 kasi ilifikia karibu milimita 3.7 kwa mwaka. Sentimita 20 ni urefu wa kiganja na vidole vyake, kweli, lakini kwenye ufukwe wenye mteremko wa kulala, kiganja kimoja juu ni hatua nyingi kwenda bara.

Ningechagua nini

Mjini Pangani, wenye majengo ya kale, uliobanwa kati ya mto na bahari, ningechagua ukuta, na ndivyo ilivyofanyika. Huko kazi iliyobaki ni kuutunza. Ila upande wa juu wa mto ule kuna bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale, na mabwawa hutega tope ambalo lingeshuka kulisha pwani. Mji wa namna hiyo usitegemee kwamba ufukwe utajijaza.

Kijiji chenye tope na mto, ningetetea mikoko hata kama diwani anataka ukuta wa kukata utepe. Ufukwe wazi wenye nyumba chache, kuhama kwa fidia na kupanda mivinje na majani ya pwani nyuma ya mstari. Ufukwe wazi wenye shule au zahanati, mawe kwa pale tu, yakiishia kwenye mwamba, na kila aliye karibu na ncha aandikwe jina na alipwe kabla jiwe la kwanza halijashuka.

Na kama mafuriko yenu ni ya Jangwani, Dar es Salaam, hakuna chochote kati ya hivi. Maji yale yanashuka na Mto Msimbazi kutoka bara. Ukuta wa bahari ungeyazuia yasitoke.

Kabla ya mkutano wowote, pimeni wenyewe. Mtaalamu akija na namba zake nanyi muwe na zenu. Mjomba wangu na mimi tulipigilia vigingi vitatu vya mkandaa nyuma ya ukingo, kimoja mkabala na mnazi uliobaki, kimoja nyuma ya diko, kimoja kwenye kona ya nyumba ya jirani. Kila bamvua ya mwezi mpevu tunavuta kamba yenye fundo kila mita moja, kutoka kigingi hadi ukingo unapokatika. Mwanzo nilimwambia mara moja kwa mwaka inatosha. Akanijibu, "Kusi inachukua, kaskazi inarudisha. Ukipima mara moja utadanganyika tu, mwanangu." Alikuwa na haki: kigingi cha diko kilipoteza mita 3 msimu mmoja, kikarudishiwa 2 uliofuata. Cha mnazi hakijarudishiwa kitu. Kilianza na mita 14, sasa ni 9. Daftari liko kwa mwenyekiti wa kijiji, na kila mstari una tarehe na majina mawili ya waliopima.